Kigoda cha Mpelelezi

Kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajatoka nje ya nyumba yake ya Makole, Dodoma, Sajini mstaafu Yotham Chibago hutoka peke yake na kuuzunguka uwanja akitazama chini. Mkwewe, Priska, husimama mlangoni na fagio mkononi, akingoja. Mzee akimaliza mzunguko husema, "Haya, mama," ndipo fagio linapoanza kazi.

Nilimwuliza Priska mzee anatafuta nini.

"Sijui, dada. Siku moja nilijisahau, nikafagia kabla hajatoka. Nilidhani atanigombeza. Wapi! Alikaa chini pale kwenye kizingiti akalia, mtu mzima, mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki."

Wengi wanaomfahamu Mzee Yotham hawalijui jambo hilo. Wanamjua kama mlinzi wa ghala la alizeti na mahindi pale Majengo, mzee mrefu, mkimya, mwenye daftari mfukoni. Gunia likichanika hupiga magoti na kuzitazama punje zilivyotawanyika kabla hajaita mtu wa kuzoa. Wachuuzi wamempa jina la Afande Punje.

"Afande, panya wa jana umemchukua maelezo?" alimtania Rodgers, mpakiaji wa magunia, siku ya kwanza nilipomfuata pale.

"Amekana kosa," alijibu mzee bila kucheka. "Amesema magunia mnatoboa wenyewe."

Walicheka wote. Yeye aliendelea kuandika. Sikwenda kumcheka. Nilikwenda na nakala ya mchoro alioufanya mwenyewe miaka kumi na minne iliyopita, na kwa ajili ya mchoro huo kulikuwa na mtu gerezani akingoja kunyongwa.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Sina shahada. Nina cheti cha kidato cha nne, mafunzo ya miezi michache, na meza katika chumba kimoja Area D, ambako Wakili Editha hutetea bure watu wasio na mtetezi. Kazi yangu ni kusoma majalada. Nimesoma mengi, na ninasema bila kumwogopa mtu: wengi waliomo magerezani kwetu hawakushindwa na ushahidi, walishindwa na uvivu wa mtu aliyepaswa kuutafuta.

Jalada la Hashimu lilikuwa hivi. Mwaka 2010, mwezi wa Januari, katika kijiji kimoja cha upande wa Chemba, mfuga nyuki aitwaye Eliakimu alikutwa alfajiri amelala karibu na lango la boma lake, amepigwa kichwani, amekufa. Hashimu alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Wiki mbili kabla walikuwa wamegombana mbele ya ofisi ya kijiji juu ya mizinga miwili ya nyuki. Asubuhi ile Hashimu alikuwa na damu kwenye shati. Alisema alimwinua mjomba wake alipoitikia yowe la mama yake. Hakuaminiwa, kwa kuwa taarifa ya mpelelezi ilikuwa na sentensi hii: *Eneo lilikaguliwa, hakuna alama ya nyayo za mtu wa nje iliyoonekana.* Sentensi hiyo moja ndiyo iliyomhukumu. Mvua ilikuwa imenyesha jioni na ardhi ilikuwa laini. Kama hakuna aliyeingia kutoka nje, basi aliyeua alikuwa wa ndani, na wa ndani mwenye ugomvi na mwenye damu alikuwa mmoja tu.

Lakini katika mchoro wa eneo la tukio niliona kitu. Nyumba ilikuwa na herufi A, jiko B, ghala C, na kuendelea hadi F, mahali ulipokuwa mwili. Hatua chache kutoka F, kuelekea langoni, kulikuwa na kiduara kidogo kisicho na herufi. Hakikuelezwa popote.

Nilimngoja mzee amalize zamu yake ghalani. Nikamwamkia, nikaufungua mchoro juu ya gunia.

"Mzee Yotham, hiki kiduara ni nini?"

Alikitazama. Kisha alikifunika kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayeua mdudu.

"Ni beseni," alisema.

*

Yotham alizaliwa kusini mwa Dodoma, kwa Wagogo wakulima wa uwele, akaingia jeshi la polisi baada ya kidato cha nne. Alipopelekwa kwenye kozi ya upelelezi, mkufunzi wao aliwataka waimbe maneno matano kila asubuhi kabla ya chai: linda, tazama, chora, andika, ndipo uguse. Aliwaeleza kwamba eneo la tukio ni shahidi asiye na woga wala upendeleo, ila anasahau haraka kuliko shahidi yeyote. Aliwaeleza pia kwamba mpelelezi huanza na alama na kufuata njia mpaka amkute mtu. Anayeanza na mtu na kurudi nyuma kutafuta alama si mpelelezi, ni mshitaki aliyevaa sare. Yotham aliyaamini hayo. Nimeliona daftari lake la kozi. Mwandiko ni wa mtu anayeipenda kazi yake.

Alifika kwenye boma la Eliakimu saa moja asubuhi, kwa pikipiki, peke yake. Vijiji vitano vilikuwa chini yake. Hakuwa na kamera wala plasta ya kuchukulia alama. Alikuwa na kalamu, karatasi na akili yake, na kwa saa ya kwanza alivitumia vyote vizuri. Aliwarudisha watu nyuma. Aliona nyayo nyingi zimevurugana kuuzunguka mwili, lakini kuelekea langoni aliona moja iliyokuwa peke yake, safi, imezama: alama ya gambuti, la mguu wa kushoto, lenye kiraka kisiginoni. Hashimu alikuwa amevaa katambuga, viatu vya tairi, na hata mtoto asingevichanganya viatu hivyo viwili. Yotham alichukua beseni la bati lililokuwa jikoni, akaifunika alama ile isije ikaharibika. Akachora. Alipofika kwenye beseni alichora kiduara, akapanga kuweka herufi G atakaporudi.

Hapo ndipo Penina alipomjia. Penina alikuwa dada wa marehemu, mjane aliyeishi katika boma lile lile, na ndiye mama wa Hashimu. Lugha yake ni Kisandawe. Kiswahili alikuwa nacho kidogo, cha gulioni. Alikuwa ameshika fagio.

"Baba, watu wa msiba wanakuja," alimwambia. "Watakaa wapi? Hapa kubaya."

"Ningemkatalia," Mzee Yotham aliniambia, kidole bado kikiwa juu ya mchoro. "Sheria ilinitaka nimkatalie. Lakini na mimi nimelelewa, mwanangu. Kwetu huwezi kumpokea mfiwa juu ya damu ya marehemu. Mama yangu angenitemea mate. Nikamwambia, fagieni upande wote wa jiko na wa nyumba. Nikamwonyesha beseni, nikamwambia, hapa mniachie mimi."

"Hapa mniachie mimi," nilirudia.

"Ndivyo nilivyosema. Hayo hayo."

Kisha alipanda mwamba ulio nyuma ya kijiji kutafuta mtandao, ampigie mkuu wake alete gari. Simu ilikatika mara nne. Aliposhuka, nusu saa ilikuwa imepita, na uwanja wote ulikuwa umefagiwa, mistari ya fagio imenyooka kama shamba lililopigwa haro. Beseni lilikuwa langoni, limejaa maji ya kunawa. Na pale lilipokuwa beseni, mahali palipofagiwa kuliko pote, paliponyunyizwa hata maji ili vumbi lisimsumbue mgeni, kulikuwa na kigoda cha miguu mitatu, kimefutwa, kinamngoja.

Penina alikuwa amesikia alichoambiwa. Ofisa ametaka mahali pale aachiwe yeye. Basi alimwandalia kiti.

"Akanikaribisha," mzee alisema. "Kwa mikono miwili. Karibu baba, keti. Watu wote wananitazama. Mwanangu, nilikaa. Nilikaa juu yake."

Akiwa ameketi pale, saa sita, mkuu wake alifika na gari.

"Nyayo?" aliuliza mkuu.

"Hakuna, Afande."

"Andika."

Akaandika.

*

Nilikasirika, na sioni haya kusema kwamba nilipandisha sauti katikati ya soko la Majengo. Nilimwambia kwamba kufagiwa kwa alama ile kulikuwa bahati mbaya, tena ya heshima, na hakuna jaji ambaye angemfunga mtu kwa sababu hiyo. Kosa lilikuwa sentensi. Angeandika: niliona alama, niliifunika, ikafutwa kwa kutoelewana. Maneno hayo machache yangemwaibisha kwa wiki moja. Badala yake alijiokoa na aibu ya wiki moja kwa miaka kumi na minne ya mtu mwingine.

"Najua," alisema.

"Kama unajua, kwa nini hukusema mahakamani?"

"Mwanzo niliogopa kazi. Baadaye nikaogopa pensheni. Baadaye…" Aliukunja mchoro, akanirudishia. "Baadaye nikamwogopa yule mama. Ningesimama pale niseme alama ilikuwapo, wakili angeniuliza nani aliifuta. Ningemjibu nini? Mama yake mshitakiwa ndiye aliyefagia? Alikuwa amekaa benchi la mbele kila siku, na kitambaa chake kichwani. Hajui. Mpaka leo hajui."

"Kwa hiyo ulimhurumia mama kwa kumwachia mwanawe kitanzi."

Rodgers na wenzake walikuwa wameacha kupakia magunia, wakitutazama.

Wakili Editha alimweleza mzee hali ilivyo. Rufaa ya Hashimu ilikuwa imechelewa miaka kwa sababu kumbukumbu za kesi zilipotea zikapatikana; sasa ilikuwa imepangwa kusikilizwa baada ya wiki saba. Majaji wangeweza kuombwa wapokee ushahidi wa ziada, kama mtu aliyeona kwa macho yake angekula kiapo. Hakumficha hatari: angeweza kushitakiwa kwa kusema uongo mahakamani, na hiyo pensheni aliyoilinda ingeweza kwenda. Lakini bila kiapo chake, rufaa ingesimama juu ya shati lenye damu na ugomvi wa mizinga, nayo ingeanguka.

Mzee Yotham aliomba jambo moja. Kabla ya kutia saini, Penina aambiwe, naye amwambie mwenyewe.

*

Tulimkuta Penina amezeeka, lakini mgongo umenyooka. Boma lilikuwa lile lile. Tulimwomba Mwalimu Dorothea wa shule ya msingi, Msandawe wa pale pale, atutafsirie, kwa sababu nilikuwa nimeapa kwamba safari hii hakuna neno litakalopotea kati ya lugha mbili. Mzee Yotham alikataa kiti. Alieleza yote amesimama, kofia mkononi: alama, beseni, maneno aliyosema, mwamba, kigoda. Dorothea alitafsiri vizuri mpaka alipofika kwenye fagio. Hapo akasita, akanitazama.

"Mwambie," nilisema.

Alimwambia. Penina alisikiliza. Kisha akaichukua mikono yake miwili iliyokuwa mapajani, akaiingiza chini ya khanga, akaificha. Niliwasikia nyuki kwenye mzinga wa jirani.

Aliposema, alisema kwa Kiswahili chake, akimtazama mzee moja kwa moja.

"Ulisema tukuachie. Nikakuachia. Nilipafagia mara mbili."

"Ndiyo, mama."

"Mara mbili."

"Ndiyo, mama. Kosa si lako. Kosa ni langu mimi."

Akarudi kwenye lugha yake, na Dorothea akafuata nyuma yake, sentensi kwa sentensi, sauti yake ikizidi kupungua. "Anasema, alama ya hicho kiatu aliiona. Alipoinua beseni. Anasema ilikuwa ya kile kiatu kirefu, cha mpira. Nyuma kina kiraka, kama kiraka cha tyubu ya baiskeli."

Mzee Yotham alisogea hatua moja. Hatukuwa tumemwambia habari ya kiraka. Niliuangalia kwa makusudi mswada wa kiapo niliokuwa nimeushika. Nilikuwa nimeandika "alama ya kiatu" tu, na mzee mwenyewe katika maelezo yake alisema "alama" basi.

"Mama," mzee alisema, "mbona hukumwambia mtu?"

"Nilijua ni chako wewe. Polisi."

"Mimi nilivaa buti la ngozi."

"Nitajuaje? Polisi nilikuwa sijamwona karibu. Nikasema, mkubwa amekanyaga hapa, anapapenda, ndiyo maana amepafunika."

Dorothea alicheka bila kutaka, mara moja, akajiziba mdomo. Hakuna mwingine aliyecheka.

"Lakini mbona hukusema hata baadaye?" niliuliza. "Mwanao aliposhikwa?"

Penina alinigeukia. Swali hili alilijibu bila kuhitaji Dorothea.

"Nani aliniuliza?"

Nilipekua jalada pale pale, ingawa jibu nililijua. Maelezo ya mashahidi yalikuwa tisa: mwenyekiti wa kijiji, mgambo, majirani, wazee waliosuluhisha ugomvi wa mizinga. Wanaume tisa, wote wanaojua Kiswahili. Mwanamke aliyelala hatua kumi kutoka kwenye mwili, aliyekuwa wa kwanza kuuona, aliyeinua beseni kwa mikono yake, hakuandikwa hata mstari mmoja. Nani wa kulaumiwa kwa hilo? Mzee Yotham, ndiyo. Lakini pia mkuu aliyesoma jalada na kuligonga muhuri, na kila aliyelipokea baada yake. Kuuliza kila aliyekuwapo, mmoja mmoja, kwa lugha anayoiota usingizini, si utaalamu wa maabara. Hakuhitaji umeme wala bajeti. Kunahitaji kuamini kwamba mjane Msandawe ana macho.

Tulichukua maelezo yake siku hiyo, kwa Kisandawe na kwa Kiswahili, akasomewa yote mawili, akabonyeza dole gumba. Mzee Yotham alitia saini ya kwake akiwa amesimama vile vile.

*

Majaji waliupokea ushahidi wa ziada. Wakili wa Serikali alimhoji mzee kwa ukali, na alikuwa na haki ya kufanya hivyo.

"Shahidi, umekaa kimya miaka kumi na minne. Leo mahakama ikuamini kwa nini?"

"Msiniamini mimi," alijibu. "Mwaminini yule mama. Alikitaja kiraka kabla sijamwambia."

"Na wewe ulikaa kimya kwa sababu gani?"

"Niliogopa."

 

Hukumu ilisomwa wiki tatu baadaye. Hashimu aliachiwa huru Alhamisi, saa tano asubuhi. Aliingia akiwa na miaka ishirini na sita. Alitoka na arobaini, meno mawili hayapo, na tabia ya kusimama kila mlango unapofunguliwa. Mzee Yotham hakuja kumpokea. Barua kutoka kwa mwajiri wake wa zamani ilikuwa imeshafika, ikimtaka ajieleze, naye alisema hiyo ni haki yake na ataijibu. Alisema pia kwamba hana uso wa kumwonyesha yule kijana. Bado anamwita kijana.

Lakini wiki iliyofuata Hashimu mwenyewe alituma neno: Afande aje bomani, kuna kitu anataka kumwuliza. Tulikwenda.

Boma lilijaa watu. Majirani wa zamani walikuwa wakija tangu asubuhi kumpa pole na hongera, wengine na asali, wengine na mbuzi, na wazee wawili miongoni mwao walikuwa katika wale mashahidi tisa. Hashimu alipotuona alisimama, akaja mpaka langoni, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, Afande."

Mzee Yotham alifungua mdomo, na ile marahaba haikutoka. Ilibidi Hashimu amngoje. Ilipotoka ilikuwa ndogo, kama ya mtu mgonjwa.

"Sikukuitia ugomvi," Hashimu alisema. "Nimekuwa na muda mwingi wa kufikiri. Wakili amenisomea kiapo chako, nimekielewa chote isipokuwa jambo moja. Hilo gambuti lilikuwa linatoka, au linaingia?"

"Lilikuwa linatoka."

"Likaelekea wapi?"

Mzee alitazama nje ya lango. Kulikuwa na njia mbili pale: moja ikishuka mtoni na kwenda kijiji cha pili, nyingine ikipinda kulia kati ya nyumba za majirani. Aliinua mkono, ukakaa hewani bila kuonyesha kokote, kisha akaushusha.

"Sijui," alisema. "Sikutoka nje ya lango. Nilisema nitaifuata alama gari likija. Gari lilipokuja tulikuchukua wewe."

"Hamkufuata kabisa."

"Hatukufuata."

Hashimu aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa amelihesabu peke yake kwa miaka mingi na hesabu ikakubali.

"Kwa hiyo bado yupo," alisema.

Nyuma yetu mtu alimwita kwa jina, kwa furaha, jirani mwingine aliyekuwa amefika na zawadi. Hashimu aligeuka, akampa mkono. Akampa mkono na aliyefuata, na aliyefuata. Aliwashukuru wote kwa sauti ya upole, na kila mkono alioushika hakuuachia upesi.